Majivu ya Nyuma ya Jiko

Sufuria la shule lilikuwa na masikio mawili, na kila sikio lilidai mtu wake. Huku alishika Chumvi, kule Filimbi. Wanafunzi walimpachika Chumvi jina lake kwa uzito wa mkono wake jikoni. Jina la Filimbi walilirithi tu, asili yake hawakuijua.

Chumvi aliijua. Kabla bendera haijabadilishwa, mabweni yale yalikuwa kambi ya wanawake wafungwa wa siasa. Yeye na mdogo wake walilala humo sakafuni, na Filimbi alikuwa askari jela, filimbi shingoni. Asubuhi moja mdogo wake alitolewa akiwa na homa. Hakurudi. Alizikwa wapi, hakuna aliyesema.

"Sisi ni kitu kimoja," mwalimu mkuu alihubiri kila siku uwanjani. "Ya kale yamepita!" Watoto wakaimba wimbo wa taifa. Jikoni, wale wawili waliambiana, "Haya, tuinue," basi. Umoja wao ulikuwa sufuria.

Chumvi alizoea kumwaga majivu nyuma ya jiko, palipobonyea, na Filimbi alizoea kumfuata na kopo la maji kuyazima.

"Moto haulali, mwenzangu," Filimbi alisema.

"Na wewe hujaacha kulinda watu!"

Siku Filimbi alipostaafu, alikunja aproni yake, akaiweka mezani. Chumvi akaona: huyu akishavuka geti, kaburi la mdogo wangu linaondoka naye.

"Dada," alimwita, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Mdogo wangu mlimlaza wapi?"

Filimbi alijaza kopo maji, akatoka, Chumvi nyuma yake. Akasimama penye majivu ya asubuhi ile, yangali yakifuka moshi, akayamwagia taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa.

Chumvi alipiga magoti. Miaka yote ile, kwa mkono wake mwenyewe!

"Si ungeniambia nisimwage hapa?"

"Ungeniuliza kwa nini," Filimbi alinong'ona. "Ningekujibu nini, dada yangu?"

Chumvi alianza kuyazoa kwa viganja. Punde Filimbi naye akapiga magoti upande wa pili. Uwanjani watoto walikuwa wakiimba. Wakazoa, wakazoa, hata udongo ukatokea. Chumvi akaugusa.

Ulikuwa na joto, kama paji la uso la mwenye homa.