Mpango wa Kompyuta wa Mwalimu Waceke

Mwalimu Waceke hakuwa mtu wa kelele, ila kulikuwa na jambo moja ambalo hungemshinda kwa ubishi, nalo ni kompyuta za shule. Mwaka 2007, shule ya msingi aliyofundisha karibu na Moiben iliahidiwa kompyuta kumi na kanisa moja la ng'ambo, kwa sharti kwamba waandike kwanza mpango wa jinsi zitakavyotumika. Wenzake walitaka ukurasa mmoja tu, mashine zije, mbuzi achinjwe, picha zipigwe. Waceke akakataa katakata. Aliuliza nani atafundisha, nyaya za umeme zitapita wapi, na mashine ikifa Jumatatu nani ataifufua Jumanne. Walimchoka. Gideon Kipyego, naibu wa mwalimu mkuu, akamwambia kwa mzaha kwamba yeye aandike, wao watakula mbuzi.

Kweli akaandika. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, basi akauandika kwa Kiswahili ili wakulima wa kamati ya wazazi wausome wenyewe. Kwa miezi minne alipima madarasa kwa hatua za miguu yake, akapanga ratiba, akachapa kurasa thelathini na moja. Ukurasa wa kwanza ulisema walimu wafunzwe mwaka mzima kabla mashine yoyote haijawashwa, kwa sababu kompyuta bila mwalimu anayeielewa ni kabati lenye kioo. Nakala moja alimpa Gideon, nyingine akaiweka nyumbani.

Uchaguzi wa Desemba ukaja, na kilichofuata kila mtu anakijua: makabila yakageukiana. Nyumba iliteketea, duka la mumewe Ndungu likateketea, na ile nakala ikaenda na moto. Waliochoma aliwajua kwa majina. Wengine alikuwa amewafundishia watoto wao kusoma. Yeye na Ndungu wakaishi miezi saba kwenye hema katika uwanja wa maonyesho mjini Eldoret. Huko ndiko alikosikia kwamba kompyuta kumi zimefika shuleni na mbuzi amechinjwa. Hakuna aliyemtafuta hata kuuliza kama yu hai, isipokuwa mwalimu mwenzake Jepchumba, aliyemletea maziwa na unga.

Alihamishiwa shule ya mjini, na ubishi wake akahama nao. Miaka ikapita, serikali nayo ikaanza kugawa vifaa vya kidijitali, na shule nyingi zikavifungia stoo kwa kuwa hakuna aliyepanga vitumike vipi. Jambo hilo lilimuuma sana. Mara mbili aliomba kazi ya kuongoza mipango ya teknolojia katika shule za kaunti ndogo, na mara mbili aliambiwa aonyeshe mpango aliowahi kuandika. Alisema uliungua. Afisa wa elimu alimtazama kama mwanafunzi anayedai daftari lake limetafunwa na ndama.

Mapema mwaka 2017, mwaka mwingine wa uchaguzi, walimu waliitwa kwenye kikao katika ukumbi mmoja mjini. Afisa alitangaza kwamba kiongozi wa mipango atateuliwa siku hiyohiyo, na kwamba shule moja imeleta mpango wa kupigiwa mfano. Aliyeinuka kuusoma alikuwa Gideon Kipyego, sasa mwalimu mkuu. Kurasa zikawa zinaonekana ukutani moja baada ya nyingine. Waceke aliposikia habari ya kabati lenye kioo alihisi damu ikimpanda kichwani, lakini akajizuia, akijiambia kwamba huenda mengine ni ya Gideon mwenyewe, maana hata wezi hujitahidi kubadilisha maneno mawili matatu.

Ndipo ukaja ukurasa wa tisa: "Kila mwanafunzi aingie chumba cha kompyuta akiwa na daftari na karamu."

Karamu ni sherehe ya kula na kunywa. Mwandishi alikusudia kalamu. Watu wa kabila la Gideon wana makosa yao ya matamshi, lakini hili la kuchanganya L na R si lao. Ni la kabila la kina Waceke, wamelinyonya na maziwa ya mama. Gideon alikuwa amenakili bila hata kusoma.

Jepchumba, aliyeketi kando yake, aliliona pia. Yeye hangeweza kusimama, maana bado alifundisha chini ya Gideon. Akamshika Waceke mkono, akamnong'oneza, "Simama useme ni wako. Ushahidi si huo hapo?"

Ushahidi ulikuwa huo, na Waceke alijua angeulizwa anautambua vipi. Angelazimika kuuambia ukumbi mzima umtambue kwa ulimi wake. Januari ile ya 2008, kwenye kizuizi cha barabara ya kuja mjini, vijana wenye mapanga walimwambia aseme anaenda wapi, naye akasema anatafuta mahali pa kurara. Neno hilo moja liliwatosha kujua kabila lake. Aliokolewa na Jepchumba, aliyekuwa akimsindikiza, aliyeapa kwamba huyu ni mke wa kaka yake. Tangu siku hiyo Waceke alijifunza L kama mtoto, mbele ya kioo, na kwa miaka tisa hakuwahi kuikosea mbele za watu.

Alisimama. Gideon alimwona, akaacha kusoma, uso ukampauka.

"Ndiyo, madam?" afisa akauliza.

Waceke alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya darasani, kila herufi mahali pake. "Mstari wa tatu. Si karamu, ni kalamu."

Ukumbi ukacheka. Gideon akashusha pumzi. "Asante sana, madam," alisema. "Hiyo ni typing error tu, kosa la kuchapa." Akainamia mashine, akafuta R, akaweka L, na watu wakampigia Waceke makofi kwa Kiswahili chake safi.

Kabla ya chakula cha mchana Gideon aliteuliwa kuwa kiongozi wa mipango. Nje, kwenye foleni ya chai, Jepchumba alimuuliza kwa uchungu kwa nini hakusema.

"Nimesema," Waceke akajibu. "Tena sijakosea."