Kaburi la Gavana

Jamani, tangu Jumamosi naona aibu kukanyaga mtaa wa Toongabbie anakoishi mchumba wangu Neema, na kilichoniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Baba yake, mzee wa kanisa kutoka Dodoma, alikuja Sydney kumtazama kijana anayetaka kumwoa binti yake. Kijana huyo ni mimi. Neema alikuwa kazini, hivyo nikapewa jukumu la kumtembeza mzee mjini aone majengo ya kale. Mimi majengo hayo huyapita tu nikienda kazini, lakini ningekiri vipi kwamba siyajui?

"Hili jengo la nani, mwanangu?"

"Alikaa jaji mkuu, baba."

Mzee akaguna kwa kuridhika, nami nikanogewa. Kila jumba la mawe nikalibunia mmiliki, kila sanamu nikaitungia vita. Karibu na daraja kuu tukakuta kijumba cha chuma kilichonakshiwa maua.

"Na hiki?"

"Kaburi la gavana wa kwanza," nikajibu bila kumeza mate.

Mzee akavua kofia, akanishika mkono, akafumba macho na kuanza kuwaombea ndugu wa marehemu kwa sauti kubwa. Watalii wakasimama kutushangaa. Nilikuwa ndio kwanza naitikia "Amina" pale mwanamume mmoja alipotoka mle ndani akifunga zipu.

Mzee alimtazama yule bwana, akanusa hewa, kisha akanigeukia.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "gavana wao walimzika chooni?"