Siku Posa Ilipokwama kwenye Intaneti

Mimi si mtu wa kucheka ovyo. Wanangu wanajua, wajukuu wanajua. Lakini siku ile nilicheka mpaka nikakaa sakafuni mbele ya wageni wa heshima, tena nimevaa nguo ya kwendea kanisani.

Mjukuu wangu wa kiume alikuwa ng'ambo anasoma, kwenye baridi kali kuliko hii yetu ya Mbinga. Alikuwa amempenda binti wa Ngumbo, kule ziwani. Barua ya posa tulishapeleka na mshenga alishasema yake yote. Baba mkubwa wa binti, ambaye ndiye aliyemlea, akajibu hivi: "Barua nzuri. Ila watu wameniambia huyo kijana ana mke huko aliko. Mshenga hawezi kunijibu hilo. Nitamuuliza mwenyewe, namtazama machoni."

Sasa kijana utamtazamaje machoni na yuko ng'ambo? Mjukuu wangu wa kike, dada yake kijana, mwalimu, niliyekuwa nakaa naye, akasema, "Bibi, waje hapa. Watamwona kwenye kompyuta." Soko huria lilikuwa limeshatuletea kampuni za simu, kila moja na mnara wake kilimani, na yeye alikuwa amenunua kisanduku cha intaneti, wenyewe wanakiita rauta. Kule Ngumbo simu ilikuwa inashika ukisimama juu ya jiwe fulani tu. Kwa hiyo ikabidi wao wapande mlima.

Tatizo lilikuwa kisanduku chenyewe. Kina tabia mbaya. Mchana kinafanya kazi, asubuhi na jioni kinakufa. Mjukuu alikuwa amehangaika nacho wiki tatu. Alikizima akakiwasha. Akabadili laini. Akanunua bando lingine. Akakipandisha juu ya kabati la vyombo, na mimi nikakifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, maana kitu kitupu juu ya kabati sikipendi. Akanifokea kwamba kinapata joto. Nikakifunua. Kikafa vilevile.

Siku ya wageni ikaamka na ukungu na manyunyu. Kahawa yangu ilikuwa bado mbichi kwenye vichanja. Vichanja vyangu ni vidogo, fremu za mbao zenye miguu mifupi, zilizowambwa wavu wa waya, mtu mmoja anabeba. Jua likitoka navitoa, jioni naviingiza sebuleni vilale humo, maana wezi wa kahawa hawana likizo. Turubai langu la kufunikia kahawa lilikuwa limewafunika wapishi uani. Basi vichanja vyote nane nikavipanga sebuleni kimoja juu ya kingine, mbele ya dirisha la upande wa kilimani, pale pale vinapokaa kila siku, mpaka vikanipita kimo.

Saa sita wageni wakafika. Baba mkubwa mrefu, koti amelifunga vifungo vyote. Pamoja naye dada yake, yaani shangazi wa binti, mwanamke mnene wa maneno mengi, na kapu la samaki wakavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni."

"Tumekaribia, lakini baridi hii!" akasema shangazi. "Nyie wa milimani mnaoga kweli?"

"Tunaoga. Ila hatunuki usipa, hao dagaa wenu."

Akacheka. Kaka yake hakucheka. "Gari letu la kushuka linaondoka saa tisa," akasema. "Nisipopata jibu leo, barua yenu nairudisha."

Mjukuu akawasha kompyuta. Kimya. Akazima, akawasha. Kimya. Akatoka nje na simu yake, akarudi analalamika kwamba nje mtandao umejaa tele, ndani hakuna hata chembe. Jasho linamtoka na baridi yote ile. Mimi nikaona kajua kamechungulia. Siwezi kuona jua na kahawa imekaa ndani, hata kama ni siku ya posa. Nikabeba vichanja vya juu, kimoja kimoja, vitatu, nikaviweka nje.

Naweka cha tatu, nasikia sauti ndani: "Bibi yuko wapi? Shikamooni wazee!"

Kijana huyo! Uso mzima kwenye kioo, amevaa tai. Nilifurahi nikataka kuibusu kompyuta.

Baba mkubwa akasogeza kiti. "Kijana, sina maneno mengi." Na mimi kwa masikio yangu nikasikia tone kwenye bati. Nikatoka mbio, nikarudi na vichanja, nikavipandisha mahali pake. Ndipo anauliza, "Huko uliko, una mke?"

Kijana akaganda. Mdomo wazi, macho pembeni, kama mwizi wa kuku aliyemulikwa.

Tukangoja. Hakutikisika.

"Ni mtandao, baba," mjukuu akasema karibu kulia.

"Ndiyo. Mtandao," akasema baba mkubwa.

Matone yakakata. Nikatoa vichanja tena. Kijana akafufuka, "Haloo, haloo, sikusikia swali!" Baba mkubwa akavuta pumzi, akaanza upya. Manyunyu yakaanza upya. Nikaingiza kahawa. "Una mke?" Kijana akaganda, safari hii amefumba jicho moja.

Baba mkubwa akasimama. "Mama, salamu anazisikia. Habari za baridi anazisikia. Swali hili moja ndilo mtandao hauliwezi. Nipe kofia yangu." Akaichukua mwenyewe mezani, akaivaa.

Nilimwona yule binti wa watu analia kule ziwani kwa kosa la kisanduku.

Shangazi alikuwa hajasimama. Alikuwa ananitazama mimi. "Kaka, ngoja kwanza. Huyu mama akitoka na kahawa, kijana anafufuka. Akirudi nayo, anakufa. Mama, hebu toa tena."

"Inanyesha."

"Toa!"

Nikatoa. "Haloo?" akasema kijana.

"Rudisha!"

Nikarudisha. Akaganda.

"Toa!"

"Haloo? Bibi, mnafanya nini?"

Mjukuu wangu akajipiga paji la uso. Kumbe mnara uko kilimani, na njia ya mtandao kuingilia ndani ni lile dirisha tu, na mimi kila asubuhi na jioni nimelijengea ukuta wa waya na kahawa mbichi. Wiki tatu mtoto anabadili laini! Shangazi akaanza kucheka, akanishika mkono ili asianguke, na mimi nikaenda naye, sote wawili chini sakafuni. "Nilijua kahawa inazuia usingizi," akasema huku machozi yanamtoka, "sikujua inazuia na wachumba!"

Lakini vichanja vitatu viko nje vinanyeshewa, na saa tisa inakaribia. Jikoni sipeleki, kahawa ikishika moshi wanunuzi wanaikataa. Palibaki chumbani kwangu. Nikasema tubebe vyote nane tukaviweke kitandani.

Baba mkubwa alikuwa ameshashika kimoja. Akasimama mlangoni kwangu kama amekanyaga siafu. "Mama, huku ni chumbani kwako. Mkwe haingii."

"Wewe umeshakuwa mkwe?"

Akafikiri. "Bado. Sijakubali."

"Basi ingia haraka kabla hujakubali!"

Akaingia. Wallahi aliingia mbio, akaweka, akatoka, akarudi na kingine, koti lote limejaa maganda ya kahawa, na sasa yeye ndiye anayecheka, mabega yanaruka. Mpaka cha nane. Dirisha likabaki wazi, mlima wote unaonekana.

Akakaa, akajipangusa, akarudisha uso wake mkali. "Kijana. Una mke huko?"

"Baba, sina. Nina sufuria moja na kijiko kimoja."

"Nionyeshe chumba."

Kijana akageuza kamera. Kitanda kimoja chembamba. Viatu pea moja. Sahani moja, haijaoshwa, nikaona aibu.

"Fungua kabati!" shangazi akapiga kelele.

Akafungua. Makoti mawili, na chini yake mfuko wa usipa wakavu, umefungwa kwa kipande cha khanga.

Baba mkubwa akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Hiyo khanga ni ya nyumbani kwangu."

"Ndiyo, baba. Alinitumia binti yenu mwaka jana. Nakula kidogo kidogo wasiishe. Majirani wamenishtaki mara mbili kwa harufu."

Shangazi akamfinya kaka yake ubavuni. Yeye akavua kofia, akaiweka magotini.

"Mwanamke gani angekubali kuishi chumba kimoja na harufu hiyo," akamwambia dada yake kwa sauti ya chini, "kama si wa kwetu? Huyu hana mke. Tumpe binti."

Nilipiga kigelegele ambacho sijakipiga tangu ubatizo wa kitinda mimba wangu. Shangazi akadakia, wapishi uani wakadakia bila kujua kwa nini, na mjukuu wangu mwalimu akaruka juu ya kiti na viatu. Tukacheza sebule nzima, mimi na shangazi tumeshikana viuno. Kule ng'ambo kijana anapiga kelele ndani ya kioo, anasikika vizuri kabisa, hakatiki hata neno: "Bibi! Jamani! Nimekubaliwa au sijakubaliwa? Mbona hamniambii?"

"Osha sahani kwanza!" nikamwambia, na nikaendelea kucheza.