Ubao wa Mlango wa Nyuma

Fundi Fikirini alikuwa na jaribio lake, na hakuna kazi iliyotoka kibandani kwake pale mtaani Gerezani bila kulipita. Akishatengeneza ubao wa kuziba pengo ndani ya gari la zamani, huuchanganya na zile mbao za asili, akazifunika kwa kanga kuukuu, akaenda zake kunywa kahawa. Akirudi hufunua na kutazama. Akiutambua aliouchonga yeye, hata kwa kuhisi tu, huutupa na kuanza upya. Asipoutambua, ndipo humpigia simu mwenye gari. Wapo waliosema huo ni wazimu. Lakini kwa miaka thelathini na moja wenye magari ya kizamani walitoka hata Upanga na Oysterbay kumfuata uchochoroni, kwa kuwa ilijulikana kwamba ubao wa Fikirini haupatikani ukitafutwa.

Safari hii kazi ilikuwa ya Bi Badria, mwanamke wa makamo aliyeachiwa na baba yake Benzi ya mwaka sabini na nne. Injini ilikwisha kupona, viti vilishonwa upya, na rangi ya bodi ilipigwa na Nassibu, jirani wa kibanda cha pili. Ulibaki ubao wa mlango mmoja wa nyuma, ulioozeshwa na maji ya mvua. Mbao za milango yote minne zilitoka kwenye gogo moja, mistari yake ikianzia mlango huu na kuendelea mlango ule, kama doti ya kanga ambayo bado haijakatwa.

Mti wa namna ile haupatikani mjini. Fikirini akazunguka siku tatu, akapata kwa wauza samani chakavu wa Buguruni mlango wa kabati la mninga, mkavu, wa miaka mingi. Mistari haikumsumbua. Aliifuata kwa ncha ya kidole, akakata pale ambapo wimbi la mti huu lilikutana na wimbi la mti ule. Kilichomsumbua ni rangi, na hilo hakumwambia mtu.

Tangu mwezi wa Ramadhani ukungu ulikuwa umemshukia machoni. Taa zilizungukwa na duara. Nyanya za sokoni zilikuwa na rangi ya chai. Wakimuuliza mbona anafikicha macho, alisingizia vumbi la msasa, lakini moyoni alijua vizuri ni nini. Kaka yake Abubakary alipasuliwa mtoto wa jicho, akarudi nyumbani na jicho moja limekufa kabisa. Tangu hapo Fikirini aliapa kwamba kisu hakitagusa jicho lake. Zaidi ya giza lenyewe, aliogopa siku ambayo watu watasema, yule fundi wa mbao haoni.

Jumanne akafunua kanga. Akazitazama mbao nne kwa zamu, akazipeleka mlangoni penye mwanga, akazirudisha. Hakuujua wake ni upi. Jamani, alifurahi mzee yule. Akamwita Nassibu aje ashuhudie.

Nassibu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na Fikirini Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo walikuwa watani tangu enzi za mababu. Kwa miaka yote hiyo haikupita siku Nassibu hajamwita mtumwa wake, au hajakidai kibanda kuwa ni urithi wake. Siku hiyo alizishika mbao, akazigeuza, akasema, "Haya, mtani," akarudi kwenye kazi yake. Mtani akikutazama asikutanie, jiulize kuna nini. Fikirini hakujiuliza. Mwenye furaha yake husikia anachokitaka.

Alhamisi saa nne Bi Badria akaja. Ubao ulikwisha kufungwa, na Benzi ilisogezwa juani, milango wazi. Akatoa shikamoo yake, akaitikiwa, na Fikirini akamtaka afanye kama wateja wote, autafute ubao mpya. Wengi huzunguka gari mara mbili, kisha hukata tamaa wakicheka. Bi Badria hakuzunguka hata mara moja.

"Si huu hapa, Mzee? Huu mwekundu."

Alidhani wanamfanyia mzaha. Alipouona uso wa fundi, akajua si mzaha.

Fikirini akainama, akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa vanishi. Aliuona sawa na wenzake. Zote nne zilikuwa na rangi ya chai. Basi hata Jumanne ile hakuwa amelishinda jaribio, ni macho tu yaliyokwisha kushindwa. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akamgeukia Nassibu, akamuuliza kama aliona.

"Niliona tangu Jumanne."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka nikucheke, mtani. Kicheko kikanikatalia."

Kisha Nassibu akafanya jambo. Akamvua Fikirini kofia na miwani, akavivaa yeye. Akainamisha mgongo vile vile, akaenda akipapasa, akafika kwenye tairi lililoegemezwa ukutani, akalisugua kwa kidole na kulisifu kuwa ni mninga safi. Uchochoro mzima ukacheka. Bi Badria akajiziba mdomo kwa mtandio. Fikirini naye akacheka, maana mtani hakasirikiwi.

Mara akakatisha kicheko. Mchezo huu aliwahi kuuona. Siku ya maziko ya baba yake, kule Kisarawe, Nassibu huyu huyu alivaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake mbele ya waombolezaji, kisha akaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe.

Na sasa Nassibu alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa Benzi, amejilaza kwenye kiti, mikono kifuani.

"Sitoki humu," alisema.

Bi Badria akafungua mkoba.

"Yako siitaki, mama. Namdai mwenye msiba. Aniahidi twende tukaonyeshe macho, leo hii."

Fikirini aliogopa, na hakuificha tena hofu yake.

"Wakinipofua je?"

"Kwani sasa unaona nini?"

Bi Badria akasema taratibu kwamba ubao ule ubaki mlangoni vivyo hivyo. Atarudi kuubadilisha siku ambayo Mzee mwenyewe atauona wekundu wake, na kama siku hiyo haitafika, basi utabaki.

Fikirini akaahidi. Nassibu akatoka garini, akamrudishia kofia, akamrudishia miwani. Walipofika barabarani, penye mikokoteni na bodaboda, akamshika mkono. Fikirini alikuwa hajawahi kushikwa mkono katika mji huu aliozeekea. Akauacha mkono wake ushikwe, akavuka bila kutazama magari yanatokea upande gani.