Bastola ya baba mdogo iliyogoma njia ya Kasulu–Kibondo

Wakuu, heshima kwenu.

Nianze na swali lililonishinda nikiwa msichana mwenye digrii mpya: kitu kibovu kikimwokoa mtu kwa ubovu wake, ukitengeneze au ukiache hivyohivyo?

Nimesoma uzi wa wadau wanaobishana kama bastola ndogo za mfukoni zinaaminika. Nina kisa changu. Nilichokiona nitakisema, na nilichosahau nitakiri kwamba nimesahau.

Ni miaka ya sabini. Nimemaliza chuo kikuu, nimepangiwa kazi ofisi ya elimu Kibondo, na nahoji kila kitu. Nilihoji dawa, nilihoji hotuba, nilihoji hata kwa nini chai lazima iwe ya moto. Watu walinichoka.

Baba yangu mdogo, Hamisi, alikuwa na duka Kasulu mjini. Asili yetu Ujiji. Aliuza vitenge, chumvi na mafuta ya taa, na mzigo ukimzidi aliupeleka Kibondo kwa Land Rover yake, akiendesha mwenyewe.

Njia ile ilikuwa na maneno mengi. Mara gari limetekwa, mara mtu kavuliwa nguo. Wengi waliosimulia hawakuwa wameona, lakini hofu haina haja ya ushahidi.

Ndiyo maana alikuwa na bastola. Ya halali, ina kibali. Kidude kidogo, ukikifumba kiganjani hakionekani. Alikinunua kwa mlowezi aliyekuwa akiondoka nchini, na tangu hapo hakikutoka mfukoni mwa koti lake.

Siku moja dukani nikamuuliza, "Ba' mdogo, umewahi kuipiga?"

"Nimpige nani?"

"Yeyote. Hata mti."

"Mti umenikosea nini?"

"Sasa utajuaje kama inafanya kazi?"

"Na wewe mwanangu, tutajuaje kama hicho chuo chako kimefanya kazi?"

Duka zima likaangua kicheko. Sikuridhika.

Sasa safari yenyewe. Nilipanda naye asubuhi, narudi kazini. Ilikuwa kipindi cha baridi, na wanaojua milima ile wanajua ukungu wake. Tulipita Makere, tukaingia porini, taa zimewashwa na bado huoni mbele.

Ghafla mtu akaruka katikati ya barabara. Mikono kaitanua, mmoja una panga. Nyuma yake vivuli vya watu wanakuja mbio, wamebeba miti mirefu mabegani.

Ba' mdogo akafunga breki. "Ndio hao," akasema.

Akachomoa bastola, akatoa mkono dirishani, akamlenga yule mtu kifuani.

Akabonyeza.

Ka.

Kisauti kidogo, kama njiti ya kiberiti ikivunjika. Akabonyeza tena. Safari hii hata hiyo "ka" haikuja.

Yule mtu hakukimbia. Alisogea dirishani akihema. "Mutabare! Mzee, mutabare! Tusaidieni, mke wangu!"

Vivuli vikafika. Miti ile ilikuwa ya ingobyi, machela ya kusuka ya kubebea wagonjwa. Ndani yake mama mjamzito, uchungu umemshika tangu jana yake.

Aliyekaa Buha, yaani nchi ya Kasulu na Kibondo, anaelewa. Mgonjwa hubebwa na majirani, wanapokezana mabega, na mmoja hutangulia mbio na panga: anafyeka njia, anasimamisha gari. Ba' mdogo alilijua hilo kuliko mimi. Mke wake mwenyewe alishawahi kubebwa hivyo. Lakini asubuhi ile aliona panga tu.

Tukashusha magunia ya chumvi, tukayaacha na wale majirani kando ya njia. Mama tukamlaza nyuma, chini ya turubai, nami nikakaa naye nimempakata kichwa, pasipo kizuizi kati yetu na viti vya mbele. Mumewe, Bigirimana, akakaa mbele. Bastola ba' mdogo alikuwa ameitupa juu ya dashibodi kama kaa la moto, na hakuna aliyeigusa.

Tukiwa njiani Bigirimana akauliza, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kule Buha:

"Mzee, wewe ulitaka kuniua?"

Nilidhani atadanganya. "Ndiyo," akajibu.

"Kwa nini hiyo kitu imekataa?"

"Sijui, ndugu yangu."

"Basi usiiulize. Endesha."

Akaendesha. Mama alijifungua salama hospitalini Kibondo, mtoto wa kike. Bigirimana alitoka nje kutuambia, akampa ba' mdogo mkono. Ba' mdogo aliushika akashindwa kuuachia, mpaka mwenzake akamtania: "Mzee, nirudishie, nina mtoto wa kubeba."

Mchana, uani kwa mwenyeji wetu, ba' mdogo akatoa risasi zote, akanipa kile kidude. "Haya, profesa. Umeuliza sana. Itengeneze."

Tukaifungua. Ndani rangi ya chungwa, mgando mtupu, kama mboga iliyolala.

"Ba' mdogo, unaipaka nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mawese. Kwani si mafuta hayo?"

Kigoma mawese ni ya kila kitu: mboga, ngozi, bawaba za milango. Kila Ijumaa alikuwa anaongeza kidogo, kwa upendo. Lakini kwa baridi ya Kasulu mawese yanaganda kwenye chupa, seuze kwenye kitundu chembamba kinamopita kijipini kinachogonga kitako cha risasi. Kijipini kilifika, ila kimechoka.

Mnaosema "kosa ni la mtumiaji, silaha haina shida", ngojeni kwanza. Tuliiosha kwa mafuta ya taa, tukaipaka mafuta ya cherehani kidogo. Askari mmoja wa kituoni akakubali kutusimamia, tukaenda kuijaribu machimbo ya kokoto.

Ya kwanza ikalia vizuri. Ya pili, ganda likashindwa kuruka nje, likasimama wima kama bomba la jiko. Tukalitoa. Ya tatu ikalia, ya nne ikaingia kichwa juu na kukwama.

Kwa nini? Nimesoma sana tangu siku hiyo. Ukitaka bastola iingie mfukoni, kila kitu kinapunguzwa. Kile kifuniko cha juu kinachorudi nyuma ni chepesi na safari yake fupi, kwa hiyo kinakwenda kasi mno. Springi ya magazini nyembamba inachelewa kuinua risasi. Pa kushika hapatoshi, mkono ukilegea kidogo tu inakwama. Sefti ni kama punje ya mchele, inajifungua yenyewe mfukoni. Huo si uzembe wa mwenye duka. Imezaliwa hivyo.

Kulikuwa na fundi Kigoma mjini aliyeweza kubadilisha springi. Hapo ndipo lile swali likanikaba. Ingekuwa nzima, Bigirimana angekuwa kaburini. Ikiwa mbovu, siku ya majambazi wa kweli kaburini ni ba' mdogo. Nilizunguka ule ua nikibishana na nafsi yangu.

Ba' mdogo akanikatisha. "Nililenga kabla sijauliza. Springi ya hilo inauzwa wapi?"

Akaisalimisha polisi wiki ileile. Aliendelea kwenda Kibondo kwa miaka, mikono mitupu.

Funzo langu: unayetaka bastola ndogo, ipige kwanza, mara nyingi, ukijua ilipopunguzwa. Na ujiulize macho yako yanaona nini yakiogopa, maana hayo hayajaribiwi machimboni. Mafundi wa silaha mliomo humu, nikosoeni bila huruma. Na mwenye maoni juu ya lile swali, jukwaa ni lake.

Ila kabla hamjaandika, kuna jambo nililolijua uzeeni, mdau mmoja alipoweka hapa mchoro wa bastola za aina ile, zimepasuliwa ubavu. Zile za zamani, kijipini kikishagonga risasi isilipuke, hakirudi nyuma. Kinabaki kimeegemea pale pale kitakoni, hakuna kinachokizuia, na kishindo kizuri cha nyuma kinaweza kumaliza kazi, risasi ikalipuka. Njia nzima ile mpaka Kibondo, bastola iliteleza juu ya dashibodi, kisigino chake kikigonga chuma cha kioo kila shimo, na mdomo ukitazama nyuma, tulipokuwa mimi na yule mama.