Jino la Tumbili Robanda

Nimeolewa Migori, upande wa Kenya, na kila likizo ya Agosti huvuka mpaka wa Sirari kumpeleka binti yangu kwa bibi yake, kijijini kwetu Robanda. Mwaka ule alikuwa na miaka sita. Tumbili, yeye alikuwa amewaona kwenye vitabu tu. Sisi tuliokulia pale tunawajua kama wezi wa mahindi.

Njiani nilimwambia mara moja, nusu nasinzia: "Usiguse mnyama yeyote." Nikadhani nimemaliza kazi.

Siku ya pili nilikuwa nafua nyuma ya nyumba niliposikia kilio. Binti yangu alikuwa amemnyooshea tumbili kipande cha ndizi, akaumwa. Kidole kilikuwa na matundu mawili madogo, damu kidogo tu.

Mama alikuwa ameshaleta ugoro. "Weka huu, damu itakata. Kaka zako waliumwa, na wako hai."

"Hapana, mama. Sabuni."

Nikaushika mkono wa mtoto juu ya beseni, mama akimimina maji kutoka kwenye dumu. Mtoto alilia kwamba namuumiza kuliko tumbili. Tuliosha mpaka vidole vyangu vikakunjamana, kisha tukapanda bodaboda kwenda hospitali, Mugumu.

Nesi hakujali udogo wa kidonda.

"Mliosha?"

"Kwa sabuni, muda mrefu."

"Afadhali. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yake. Leo anaanza sindano. Atarudi baada ya siku tatu, halafu siku ya saba, na ya kumi na nne. Usiruke hata moja."

Jioni mume wangu alinipigia. "Si mrudi tu, adungwe huku?"

"Nimeanza hapa, nitamalizia hapa," nikamjibu. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Basi tukaenda na kurudi kwenye vumbi lile, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Kila alipokataa maji nilishtuka, maana mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Kila alipopata joto nilimpapasa paji la uso. Siku ya sindano ya mwisho mama alinipikia uji kabla sijaamka.

Mtoto hakuugua. Tulipofika Sirari wakati wa kurudi, ofisa wa mpakani aliuliza kwa nini tumekawia, nikampa kadi ya chanjo. Akaisoma, akamtazama mtoto aliyelala begani kwangu.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa," nikaitikia, ingawa sikuwa nimepoa.