Chumvi Kwenye Ukoka

Ni mimi niliyeua ukoka wa baba yangu. Nimekana kwa miaka thelathini na tisa, mara mbili nikiwa nimeshika Biblia, na hadi leo nikinusa udongo wa moto uliomwagiwa maji, harufu ile ya chungu kipya, mgongo wangu hujikunja wenyewe ukisubiri fimbo.

Boma letu la Kalamba ndilo pekee lililokuwa na uwanja wa nyasi. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, aliziona nyasi hizo mbele ya hoteli moja Mtito Andei, akaomba vipando, akavileta kwenye gunia lililoloweshwa maji. Majirani walicheka. "Mwalimu, unafuga nyasi ambazo hata ng'ombe haruhusiwi kula?" aliuliza Nzioka, jirani yetu mwenye mbuzi. "Na wewe unafuga mbuzi wasiojua mpaka," Baba akamjibu.

Adui alikuwa ndago, gugu lenye viazi vidogo mizizini. Kiangazi kikikaza, ukoka ulilala ukageuka rangi ya mkate, lakini ndago ilisimama wima, kijani kibichi, ikitucheka. Kazi ya kuiua ilikuwa yangu, nami nilikuwa na miaka kumi. Sheria ya Baba ilikuwa moja: ing'olewe alfajiri, kwa msumari mrefu, udongo ukiwa umelowa maji ya kuoshea vyombo, na kiazi chake kitoke chote. Jua likipanda usiguse kitu, maana ukoka uliojeruhiwa mchana hauponi. Kila kiazi nilichosahau kilikuwa fimbo moja. Basi nilichoma, nilichimbua, nilivunja shingo, nikaponda maiti kwa jiwe. Baada ya siku tatu wafu walifufuka wawili wawili, na fimbo nazo zikazaana.

Shuleni nilisikia kwamba chumvi huua magugu. Sentensi iliyofuata sikuisikia. Nadhani nilienda kusomea kilimo chuo kikuu ili niambiwe tena. Jumamosi saa saba mchana, watu wakiwa sokoni, niliyeyusha chumvi ya ng'ombe ndoo mbili nikaimwaga uwanja mzima. Kufikia Jumanne ukoka ulikuwa kama kichwa cha mbuzi kilichobabuliwa motoni. Kabla sijaulizwa, mbuzi wa Nzioka waliruka ua, wakaanza kuramba udongo na kuuparua kwa kwato. Baba alitoka akawakuta juu ya maiti ya nyasi zake.

Alimkata beberu mkubwa, yule mwekundu, shingoni kwa panga. Kisha akamkata tena, ingawa alikuwa ameshaanguka. Nzioka alikuja mbio na rungu. "Wanaramba, Mwalimu! Mbuzi gani anakula nyasi zimekufa? Hebu angalia chini!" Baba hakuangalia chini. Alitupa panga akamvamia, na nikaona jino la Nzioka likitua karibu na mguu wangu. Rungu lilivunja mkono wa Baba kwa mlio wa kuni kavu. Hawakuachana mpaka Mama alipowamwagia maji ya ugali yaliyokuwa yakichemka.

"Mwende, uliona nini?" Baba aliniuliza.

"Mbuzi," nikasema.

Wazee walimhukumu Nzioka kwa kutofunga mifugo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, wanasema. Kwetu nyasi zilitangulia kuumia, tembo wakafuata. Nyumba mbili hazijasalimiana tena.

Leo naishi Kitui mjini, na nina ukoka wangu. Huamka alfajiri na msumari. Hakuna anayenipiga, na ndago bado hushinda. Lakini wiki iliyopita nilisikia Nzioka hawezi tena kuinuka kitandani, nikampigia Baba simu.

"Baba, ni mimi niliyemwaga chumvi."

Nilisikia kuku nyuma yake. "Najua. Jioni ile niliuramba ule udongo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshaua beberu wa mtu." Nikamsikia akifukuza kuku. "Wewe ulikuwa na miaka kumi, Mwende. Mimi nilikuwa mwalimu. Njoo kesho, twende kwake pamoja. Na upitie sokoni ununue beberu. Mwekundu."